Barua Niliyomnyima Wiki Mbili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maji. Ndugu Mkurugenzi, bosi wangu mpaka saa kumi jioni ya leo. Mkunga Mkuu wa hospitali yetu. Ndugu waajiri mlioacha viwanda, maduka na ofisi zenu mkaja kumuaga fundi wa mabomba. Mafundi wenzangu wa mitaro na matope. Mke wangu, uliyeketi hapo mbele ukinikazia macho nisije nikapitisha muda. Na ninyi vijana mliopangiwa viti vya plastiki kule nyuma kwa sababu viti vya kitambaa tumevimaliza sisi wenye vitambi: nawasalimu nyote kwa heshima. Itifaki imezingatiwa, na kama yupo niliyemruka, aninunie leo leo, maana kesho sitakuwa na cheo cha kununiwa.

Nimepewa jambo moja la kuzungumza: kwa nini mwajiri amfungulie kijana mlango, aje kazini kwake ajifunze kazi kwa mikono yake. Ofisi ya uhusiano walinihurumia wakaniandikia kurasa nne. Nimezisoma zote. Ni kurasa nzuri, zimepigwa chapa vizuri, na maneno "taifa la kesho" yamo mara saba. Nimeziacha nyumbani juu ya kabati. Si kwa dharau, ndugu zangu wa uhusiano, ila jambo nililonalo leo siwezi kulisema kwa mdomo wa kuazima.

Na kabla sijaendelea, naomba ile ngao ya kioo iliyo pale mezani isikabidhiwe kwanza. Mkurugenzi, najua ratiba inasema ngao kisha hotuba, nikaomba tugeuze, nawe ukakubali bila kuniuliza kwa nini. Sasa utajua kwa nini.

Kwa wageni msioijua kazi yangu: maji yakivuja chini ya ardhi hayapigi hodi. Yanaweza kuvuja mwaka mzima chini ya njia unayopita kila asubuhi, nawe huna habari. Lakini yanalia. Bomba la chuma likitoboka hutoa sauti nyembamba, na sauti hiyo husafiri ndani ya chuma kwenda mbali. Basi ipo fimbo ya chuma, urefu wake unanifika kifuani, na juu yake ina kikombe kidogo cha mbao. Unaisimamisha juu ya valvu, unabana sikio kwenye kikombe, unafumba macho, unanyamaza. Ukisikia mlio, unahamia valvu ya pili, na ya tatu, mpaka upajue pale penyewe. Ndipo unasema, "Chimba hapa," na wanaume sita wanashika sururu kwa kuliamini sikio lako. Miaka thelathini na minne nimeifanya kazi hiyo. Mafundi wakaniita Mzee Sikio, na jina hilo nikalivaa kama koti la arusi.

Tulikuwa na desturi yetu katika kitengo. Sijui nani aliianzisha, lakini mimi ndiye niliyeipalilia ikanona: fimbo haiazimwi. Mwenye fimbo ni mmoja. Husikiliza peke yake, huandika peke yake, na akishatia saini hakuna wa kurudia kusikiliza nyuma yake. Niliwaambia watu kwamba wakisikiliza wawili watabishana, na wakibishana kazi itachelewa. Ilikuwa sababu nzuri, na kila mtu aliikubali. Ndiyo maana barua za vyuo, zilizoomba tupokee vijana kwa mafunzo kwa vitendo, nilikuwa nazijibu kwa ukimya. Mkurugenzi, zile barua ulizokuwa ukizitafuta zimo kwenye droo yangu ya chini, chini ya buti za mpira. Miaka ishirini ya barua. Nisamehe.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili sijawahi kulisema mbele ya mtu yeyote ila mke wangu na mmoja mwingine.

Nilikuwa sisikii.

Si kwamba sikusikia kabisa. Mtu akiniita nilikuwa naitika, gari likipiga honi nilikuwa naruka. Sauti nyembamba ndizo zilizonikimbia, moja moja, bila kuaga. Nadhani ni umri, na nadhani ni zile mashine za kuvunjia barabara nilizosimama karibu nazo tangu ujana wangu. Nyumbani tuna birika linalopiga filimbi maji yakichemka. Siku moja mke wangu alitoka bafuni mbio, povu kichwani, akanikuta nimekaa hatua mbili kutoka jikoni nasoma gazeti, na birika linapiga makelele ya kuita majirani. "Baba watoto, u mzima wewe?" Nikamwambia nilikuwa nawaza kazi. Na mimi mwenyewe nikajiaminisha kwamba nilikuwa nawaza kazi.

Mtaniuliza: ulifanyaje kazi miaka mitano bila sikio? Nilifanya kwa ujanja, jamani. Nilitazama majani yaliyostawi mahali yasipostahili kustawi. Niliwauliza wenye nyumba ni lini maji yalianza kupungua nguvu. Niliyakumbuka mabomba, maana mengi niliyalaza mwenyewe. Kisha nilisimamisha fimbo, nikafumba macho kama mtu anayeswali, nikatoa hukumu. Mara nyingi nilipatia. Na nilipokosea, nani angejua? Fimbo haiazimwi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila mimi nilikuwa nimejipanga kuumbukia kwenye pensheni.

Basi mwaka juzi Mwenyekiti akaniletea mtu kwa amri. Sikuwa na droo ya kumtia huyo. Alikuwa binti wa chuo cha ufundi, mwembamba, ana daftari la jalada gumu, na viatu vilivyopigwa rangi upya ili vionekane vipya. Nikamuuliza amekuja kufanya nini.

"Kujifunza, Mzee."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili! Hata maharagwe tukiyaloweka leo, utaondoka hayajaiva."

Nyapara wa wachimbaji, yule pale anayejificha nyuma ya nguzo, alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu saa ile binti akawa Wiki Mbili. Alilipokea jina bila kununa. Nikampa kazi ya kubeba fimbo. Mnanielewa? Aliibeba, aliipangusa, aliipakia garini na kuishusha, na kutia sikio alikatazwa. Siku ya kwanza aliomba. Siku ya pili aliomba. Siku ya tatu akaacha kuomba, akawa anaandika tu. Waajiri wenzangu, kijana akiacha kukuuliza maswali, usidhani amekwisha kuelewa. Amekwisha kukuelewa wewe.

Jumanne ya wiki ya pili tukaitwa hospitali. Ukuta wa wodi ya wazazi ulikuwa na ufa, umetoka chini dirishani umepanda mpaka karibu na dari. Mkunga Mkuu alituonyesha: aliweka alama ya kalamu mwisho wa ufa siku ya Ijumaa, na Jumanne ufa ulikuwa umeipita alama kwa upana wa vidole viwili. Akaniuliza swali moja tu. "Fundi, chini ya ukuta huu kuna maji? Kama hakuna, nitamwita mwashi aupake. Kama yapo, nahamisha wazazi wangu sasa hivi." Mle ndani vilikuwamo vitanda kumi na viwili, wazazi kumi na mmoja, na watoto kumi na watatu, kwa sababu wawili kati ya wale wazazi walijaliwa pacha.

Nikasimamisha fimbo juu ya valvu ya nje. Nikafumba macho. Nikasikia kimya kile kile nilichokuwa nikikisikia miaka mitano. Nikaandika: *Hakuna uvujaji.* Nikaingia ofisini kwa Mkunga Mkuu kutia saini.

Nilipotoka, nilimkuta Wiki Mbili amelala kifudifudi kwenye saruji, mkono mmoja umezama ndani ya chemba ya valvu. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani, hakuigusa, alishika amri yangu kama nilivyoitoa. Ila alikuwa amekwenda jiko la hospitali akaazima upawa. Ndiyo, upawa wa uji, ule wa mpini mrefu wa chuma! Ncha ya mpini ameiweka juu ya valvu, bakuli lake amelifunika sikioni, macho ameyafumba. Wapishi wawili wamesimama juu yake wanangoja chombo chao.

Nikafoka. "Unapika nini humo?"

Hakuinuka. Alinyanyua kidole kimoja, kuniambia ningoje. Mimi! Miaka zaidi ya thelathini kazini, nangojeshwa na mtoto mwenye upawa! Kisha akasema taratibu, bila kufumbua macho, "Mzee, panalia. Panalia kama mtu anayepuliza chai ya moto, ila huyu hapumziki."

Nilimwambia ni jokofu la dawa. Akasema ameshaomba wakalizima kidogo, na mlio haukukoma. Nikamwambia ni upepo. Akanitazama, jamani, na macho yale hayakuwa na ubishi. Yalikuwa na huruma. Nikamwambia arudishe chombo cha watu na aingie garini, tukaondoka. Huo ndio ukweli wangu wa Jumanne. Mnaujua msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba ufa kwa kalamu.

Jumatano hakuja ofisini. Nikafurahi, nikasema amekoma. Saa nne asubuhi akatokea, vumbi magotini, akafungua daftari mezani kwangu. Alikuwa amerudi hospitali saa moja, peke yake, akauazima tena ule upawa, akaugusisha kila kipande cha chuma kilichouzunguka ukuta: valvu, mabomba ya sinki, mguu wa tangi, hata fremu ya mlango. Kila mahali ameandika namba, moja mpaka kumi, kwa ukubwa wa mlio. Ameuchora ukuta wote kwa rula.

"Mimi sijui mabomba, Mzee," akaniambia. "Najua tu kwamba hapa kwenye kona pana tisa, na kwenye ramani ya ofisi hapana bomba. Kwa hiyo aidha mimi nimekosea, au ramani. Naomba unisaidie."

Ndugu zangu, nilitazama ile kona. Nikaweka kidole juu ya ile tisa, nikakiacha pale. Kwa sababu bomba lilikuwapo. Lilikuwa la chuma, la zamani, la kupeleka maji kwenye banda la kufulia lililobomolewa hata wodi haijajengwa. Walipojenga wodi walisema wamelikata, na kwenye ramani wakalifuta. Aliyekumbuka kwamba lilipita pale alikuwa mmoja tu ofisini, ni mimi, kwa sababu nilikuwa kibarua nilipowashikia taa waliolilaza. Nilikuwa nalo kichwani, na sikuwa na sikio la kulisikia. Yeye alikuwa na sikio, na asingelijua jina lake hata angesikiliza mwaka mzima.

Siku ile niliogopa, na mpaka leo naogopa nikikumbuka. Watu wawili walikuwa wamebeba nusu nusu ya jambo moja, na mmoja wao alikuwa amekatazwa kusema, kwa amri ya mwenzake.

Tukaenda mbio. Mkunga Mkuu hakuniuliza hata neno juu ya ile saini yangu ya jana, alipiga makofi mara mbili tu na wauguzi wakaanza kusukuma vitanda. Nikaona mama mmoja wa pacha akitembea mwenyewe, mtoto mkono huu, mtoto mkono huu, mshono wake haujapona, hataki kusaidiwa. Walipokwisha kutoka, Nyapara na watu wake wakapiga sururu pale kwenye tisa. Hawakuchimba hata kina cha goti. Sururu ya nne ilipita. Ilizama mpaka kwenye mpini, ikamponyoka mtu mkononi, tukaisikia, yaani wao wakaisikia, ikianguka majini.

Tulimulika kwa tochi. Mwenyekiti, mimi nimeona mashimo mengi maishani mwangu, nimekula mkate wangu kwenye mashimo. Sijaona kama lile. Chini ya sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile, inayong'aa, yenye alama za magurudumu ya vitanda, palikuwa na pango ambalo Nyapara aliingia akasimama wima, na Nyapara si mtu mfupi. Maji meupe kabisa yalikuwa yanapita kimya kimya yakibeba udongo. Ukuta ule ulikuwa umeshikiliwa na rangi na rehema ya Mungu. Nikainua macho nikahesabu mahali vilipokuwa vitanda, nikapata vitano vilivyokuwa juu ya hewa tupu. Mkunga Mkuu alikaa chini sakafuni, na sare yake nyeupe, akalia.

Wiki Mbili alikuwa amesimama karibu nami. Alininong'oneza, na kwa bahati alisimama upande wa sikio langu zuri: "Mzee, kumbe ilikuwa kweli." Nadhani mpaka dakika ile alikuwa bado yu tayari kuambiwa kwamba amekosea.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Lakini Mkurugenzi alifika, wapiga picha wakafika, na Nyapara kwa upendo wake akapaza sauti: "Mzee Sikio ameisikia! Hili ndilo sikio!" Watu wakapiga makofi. Mkono wangu ukashikwa, ukainuliwa juu. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema "hapana." Nimeupima muda huo mara nyingi tangu siku ile, ulikuwa mrefu. Sikusema. Kwa sababu ningesema ni yeye aliyesikia, swali la pili lingekuwa: na wewe je, jana?

Ijumaa muda wake ukaisha. Akaja mezani kwangu. "Mzee, naomba barua ya uthibitisho. Hata mistari mitatu inatosha." Nikaandika mistari mitatu. Ninayo hapa mfukoni, nawasomea: "Mtajwa hapo juu alihudhuria mafunzo kwa wiki mbili. Alikuwa mtiifu. Aliwahi kazini." Basi. Aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya lile daftari, akasema, "Asante, Mzee," akaenda zake. Hakubamiza hata mlango.

Miezi kumi na minane ikapita. Mimi nikapigwa picha, nikapewa cheti, nikaagiziwa ngao. Wiki tatu zilizopita karani wa utumishi akaniletea mafaili ya waombaji wa nafasi ya msaidizi katika kitengo changu, nimsaidie kupanga. Waliokataliwa walikuwa kwenye rundo lao, nami nikalisogeza ili niweke kikombe. Faili la juu lilikuwa lake. Limeandikwa kwa wino mwekundu: *Hana uzoefu.* Na barua iliyobanwa ndani, kama ushahidi wa kwamba hana uzoefu, ilikuwa hii yangu.

Niliipeleka nyumbani. Mke wangu aliisoma, kisha nikamweleza yote, kuanzia birika mpaka pango. Akasema, "Kwa hiyo mtoto wa watu aliokoa watoto wa watu, wewe ukamwandikia kwamba aliwahi kazini?" Afadhali angenitukana.

Siku ya pili alinikokota kupimwa masikio. Hiki kidude mnachokiona nyuma ya sikio langu ndicho nilichopewa. Jioni ile nilikaa nyumbani nikasikia shuka zinakunjwa. Sikujua kwamba shuka zina sauti! Nilisikia mke wangu akiimba kwa sauti ndogo huku anakunja, nikamuuliza ameanza lini kuimba. Akasema, "Sijawahi kuacha." Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Kisha nikaenda kumtafuta binti. Nilimkuta kwenye kibanda cha kutoa kopi, nyuma ya mashine. Kazi yake tangu asubuhi mpaka jioni ni kutoa kopi za vyeti vya vijana wenzake wanaokwenda kuomba kazi. Akanitambua. "Karibu, Mzee. Umekuja kutoa kopi?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nilikupa siku ile ile," akasema. "Barua ndiyo sikuipata."

Nikamuuliza kama alijua kwamba sisikii. Akasema alijua siku ya pili: simu yangu ililia mfukoni, mafundi wote wakageuka, mimi sikugeuka. Basi kwa nini hukusema, mwanangu? Akafikiri, akasawazisha karatasi zake. "Nilidhani wanajua. Nilidhani watu wakifanya kazi pamoja miaka mingi hivyo, wanajuana."

Ndugu waajiri, nimesema sitawasomea zile kurasa nne, lakini hilo moja la yule binti naomba mlale nalo. Tunasema vijana hawana uzoefu. Wangeupata wapi, nasi ndio tumeukalia? Mwombaji alikataliwa hapa kwetu, na kabla ya hapa alikataliwa kwenye ofisi sita, na ofisi tatu kati ya hizo zimewakilishwa humu ndani, sitazitaja, ninyi wenyewe mnatazama viatu vyenu. Tunadhani kumpokea kijana wiki mbili ni sadaka tunayompa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mmeusikia tangu mko wadogo, nami naapa mbele yenu kwamba ni kweli tupu, kwa sababu mwenyeji aliyepona ni mimi. Kila mahali pa kazi pana fimbo yake isiyoazimwa. Pana jambo ambalo wote mmelizoea hata hamlioni, na halitaonwa mpaka aingie mtu asiyejua kwamba haliulizwi. Fomu za kupokea vijana ziko mlangoni. Mkizijaza, msimwandikie kijana abebe tu. Mpeni atie sikio. Na akimaliza, mwandikieni alichokifanya.

Mwenyekiti, ngao ile imechorwa maneno "kwa sikio lililookoa wodi." Siwezi kuipokea, kwa sababu sikio lenyewe halikuwa langu. Na kama Bodi itaona kwamba ile saini yangu ya Jumanne inastahili adhabu, anwani yangu mnayo, sihami. Mafundi wenzangu, mliochimba mlipoambiwa na mtu asiyesikia, nawaomba radhi mmoja mmoja. Nyapara, toka nyuma ya nguzo, hukufanya kosa lolote.

Orodha ya mwisho ya waombaji wa nafasi ile inafungwa leo saa kumi. Sasa ni saa sita na robo. Siombi apewe kazi, hilo si langu. Naomba faili lake litolewe kwenye rundo, barua ya zamani ichanwe, na hii iwekwe mahali pake. Nimeiandika kwa mkono wangu, na naisoma mbele yenu ili isije ikalala kwenye droo:

"Kwa yeyote anayehusika. Mtajwa hapo juu alifanya kazi chini yangu wiki mbili. Nilimkataza kutumia kifaa changu, akatumia upawa. Aligundua uvujaji chini ya wodi ya wazazi ambao mimi nilikuwa nimekwisha kutia saini kwamba haupo. Aliambiwa amekosea na mtu mwenye cheo, akarudi peke yake kuhakikisha, akaleta ushahidi kwa adabu. Kwa sababu yake wazazi kumi na mmoja na watoto kumi na watatu walitoka salama kabla sakafu haijafunguka. Katika miaka thelathini na minne sikupata kufanya kazi na msikilizaji aliyemfikia. Barua hii ilipaswa kuandikwa miezi kumi na minane iliyopita. Kosa la kuchelewa ni langu."

Karani wa utumishi, naona umesimama. Mhuri unao? Unao mkobani, vizuri. Naomba uupige hapa hapa mezani, "imepokelewa," na saa uiandike.

Jina lake kamili limo kwenye barua, nami sitalitaja. Watu wa ofisi hii wamemwita Wiki Mbili muda wa kutosha. Binti yangu, uliyeketi pale karibu na mlango, pita mbele. Waajiri, mpisheni njia. Kipaza sauti hiki hapa, taja jina lako mwenyewe, ulitaje polepole ili waliandike. Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa. Mimi nakaa chini, nataka kumsikia.